Masta Silinda ya Marehemu

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimeosha gari tena. Halijaenda popote tangu jana, lakini Meja akisema lioshwe kila siku, linaoshwa kila siku, awepo asiwepo. Yuko ng'ambo kwa kazi za serikali. Atarudi Jumapili ya tarehe 15, nami niwe Entebbe saa nane mchana na gari linalong'aa. Bibi yake ameenda kwao kijijini. Nyumba yote hii ya Makindye tumeachiwa sisi wa chumba cha nyuma: mimi, Zaituni, na Candiru wetu anayeota meno.

Breki zilikuwa zinashuka kidogo. Nimeongeza maji ya sabuni kwenye tangi lake, kama wafanyavyo madereva wote wa mji huu siku hizi. Mafuta ya breki yenyewe sijayaona tangu mwaka juzi. Sabuni nayo taabu. Nilikata kipande kwenye mche wa Zaituni, ule aliouficha ndani ya sufuria. Hatajua.

Mchana nilikwenda kutafuta sukari. Foleni ilizunguka mpaka nyuma ya kanisa. Mimi ni koplo, dereva wa Meja, kofia iko kichwani. Nilienda moja kwa moja mbele. Mtu mmoja mwembamba mwenye miwani, madaftari ya shule kwapani, hakunipisha. Nilimsukuma kifuani. Miwani ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa kwa shati, akanitazama. Nilichukua kilo mbili, na baada yangu mwenye duka akafunga dirisha. Zaituni amepika chai nzito. Tamu sana.

Jumatano, 4 Juni

Breki zimekufa.

Nilikuwa nashuka kilima kuelekea Kabalagala, kuipasha injini moto tu isilale. Nikakanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Mbele yangu mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Nikarudisha gia ya pili, ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikaingia kwenye ua wa michongoma. Gari halikupata hata mkwaruzo wa maana. Mama wa ndizi alinitukana kwa Kiganda, matusi ya kutosha wiki nzima. Alikuwa na haki.

Nimerudi kwa gia ya kwanza, mwendo wa kinyonga. Naogopa, na naandika ninachokiogopa: gari la mkubwa likikosa breki, hakuna atakayeita ubovu. Wataita njama. Hakuna atakayeuliza habari za sabuni.

Dereva aliyenitangulia, Ramadhani, alichukuliwa kwa sababu ya tairi lililopasuka Meja akiwa ndani. Walisema alilitoboa kwa makusudi. Mwaka umepita, hajaonekana. Viatu vyake vya kazi bado viko gerejini, chini ya rafu, vimeelekea mlangoni. Siku ile alikuwa amevaa ndara. Sijawahi kuvigusa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwita Wekesa, fundi Mkenya wa Kabalagala. Yeye huimba akifanya kazi, nyimbo za kwaya ya kwao, sauti zote nne peke yake. Alifungua masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumu yote. Akaacha kuimba. Ndani kutu tupu. Mipira imevimba na kulika.

"Nani ameweka sabuni humu?" akauliza.

Nikasema sijui, labda dereva wa zamani. Aibu yangu hiyo. Nimemsingizia mtu asiyeweza kujibu.

Wekesa anasema haitengenezeki, itafutwe nyingine. Nina siku kumi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimezunguka maduka yote ya spea ninayoyajua. Tangu Wahindi wenye maduka walipofukuzwa, rafu zimebaki na vumbi. Duka moja sasa linauza miavuli. Jingine lina vioo vya pembeni tele, vyote vya upande wa kulia, na hakuna kingine. Mwenye duka alinihakikishia kwamba kioo cha pembeni ni kitu muhimu sana. Nilitaka kumpiga nacho.

Nimerudi nyumbani bila kitu.

Jioni Wekesa amekuja na habari. Kyebando kuna gari kama letu, aina ile ile. Liligongwa ubavuni na lori. Mbele ni zima. Mwenyewe alikufa, na gari liko uani kwa mjane wake.

Jumapili, 8 Juni

Nilikwenda Kyebando baada ya kanisa. Nikavaa kombati, ati niheshimiwe. Upumbavu. Watoto wa jirani walikimbia ndani, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mjane hakukimbia. Wanamwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Marehemu alikuwa karani wa pamba.

Gari liko nyuma ya jiko. Ubavu wa kushoto umeingia ndani kabisa. Lakini boneti ilifunguka. Nikaiona ile masta silinda, safi, haina kutu, na tangi lake dogo bado lina mafuta halisi ya breki, rangi ya chai ya rangi. Nilitaka kulia.

Nikamwambia nanunua. Akatikisa kichwa.

"Ssebo, hiyo gari haina mwenyewe. Bwana yangu amekufa, mrithi bado. Mpaka tumalize olumbe, hata msumali moja hapana toka hapa."

Olumbe ndiyo kuvunja matanga kwa Waganda. Ukoo unakusanyika, unamtaja mrithi, anavikwa nguo ya gome la mti na kusimamishwa mlangoni. Anaingia mahali pa marehemu kabisa: jina lake, watoto wake, mali yake. Kabla ya hapo kitu cha marehemu hakihami. Nikauliza ni lini. Jumamosi, tarehe 14. Mrithi nani? Hajui. Yeye ana mabinti tu. Wazee watamchagua mmoja kati ya watoto wa ndugu za marehemu, na hawamwambii mtu.

Basi Jumamosi mtu nisiyemjua ataamka ana gari. Jumapili saa nane Meja atashuka kwenye ndege. Roho yangu imekaa katikati ya siku hizo mbili.

Jumanne, 10 Juni

Mlinzi wa lango, koplo mwenzangu, ameujua mkasa wangu na amenicheka. "Wewe iko askari ama iko nini? Enda, chukua, rudi. Mwanamke nafanya nini?"

Nilikwenda. Naandika kwa sababu daftari hili hakuna alisomaye. Linalala chini ya gunia la mkaa. Sikubeba bunduki. Nilibeba spana. Nilizunguka nyuma ya jiko bila hodi, nikafungua boneti. Nnalongo akatoka, akaniona. Hakupiga kelele. Alileta kigoda, akaketi karibu na gurudumu, akaendelea kumenya ndizi. Kisha akaniletea chai kwa kikombe cha bati, akaomba radhi kwamba haina sukari. Wiki tatu hajapata. Wiki iliyopita mtu wa ukoo alikwenda kumpangia foleni, akarudi mikono mitupu.

Masta silinda inashikwa na nati mbili na mirija yake. Dakika kumi. Hakuna ambaye angenizuia, na hilo ndilo lililonishinda. Angepiga yowe, ningeitoa. Nilikunywa ile chai mpaka mwisho, nikafunga boneti, nikaaga.

Sijui kama nimefanya wema au nimejichimbia kaburi. Njia nzima nilijiita mjinga.

Jumatano, 11 Juni

Nimeosha gari. Hakuna zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Zaituni ameukuta mche wake umekatwa. Akaniuliza nani. Nilikuwa nimechoka kusema uongo, nikamweleza yote, kuanzia sabuni mpaka kikombe cha bati.

Akanigombeza kwa Kinubi, lugha ya kwao, akaja kwa Kiswahili, akarudi kwa Kinubi. "Baba Candiru! Sabuni ya kufulia nguo ya mtoto, wewe natia kwa gari ya mkubwa?" Candiru akalia kwa kuona mama analia. Nami nikalia. Tulikuwa kichekesho cha watu watatu chumba kimoja.

Alipotulia alisema neno la maana. Niende kwenye hiyo olumbe kama mtu anayekwenda msibani. Nisivae kombati, kofia niiache nyumbani. Mkononi niwe na kitu. Akatoa kilo ya sukari iliyobaki, akaifunga upya kwa gazeti.

Tumekubaliana. Mrithi akikataa, Zaituni na mtoto wataondoka Jumamosi mchana kwenda kwao Bombo, na mimi nitabaki na gari. Hatukusema kitakachofuata. Wote wawili tunajua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechoka lakini lazima niandike.

Nilifika Kyebando saa moja asubuhi pamoja na Wekesa. Shati la Jumapili, kichwa wazi, sukari kwapani. Wenyeji walikuwa wamekesha. Macho mekundu, pombe ya ndizi imebaki mashapo. Tuliketi nyuma kabisa, juu ya majani ya migomba. Mzee wa ukoo akatoka mlangoni, amemshika mtu mkono. Mtu huyo amevikwa gome begani, mkuki mkononi. Mwembamba. Ana miwani.

Nilimjua kabla hajainua uso. Miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Ni pale ilipovunjika mimi nilipomsukuma.

Nilisimama ili niondoke. Wekesa akanishika suruali, akanikalisha. Huyo ndiye mrithi: mwalimu Kizito wa shule ya msingi, mtoto wa ndugu wa marehemu. Ndiye aliyempangia Nnalongo foleni akarudi mikono mitupu. Mikono ilikuwa mitupu kwa sababu kilo zake nilikuwa nazo mimi.

Watu wakapanga mstari kumpongeza na kumpa chochote. Nilisimama mwisho kabisa. Ilikuwa foleni yangu ya kwanza tangu nivae kombati. Ilikwenda polepole kama adhabu. Kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa na hotuba.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga magoti. Kwetu mwanamume hapigi magoti, nami nilipiga. Nikatoa sukari kwa mikono miwili.

"Hii kilo mimi najua," akasema. "Ilikuwa yangu."

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikaeleza yote pale pale mbele ya wazee: foleni, sabuni, breki, Meja, kesho saa nane. Sikumsingizia Ramadhani tena. Nnalongo alimwinamia sikioni akanong'ona kwa Kiganda. Wekesa alisikia, akaniambia baadaye. Nnalongo alisema: huyu alishika spana, akaiweka chini.

Mwalimu alifikiri. Nilihesabu mizunguko ya uzi kwenye miwani yake. Saba.

"Chukua," akasema. "Bei hakuna, leo siku ya baraka. Lakini Jumatatu wewe nasimama kwa layini ya sukali. Nyuma, kama watu. Kofia hapana. Mimi nitakuwa hapo, nitaona."

Wazee wakapiga makofi. Mimi nilicheka huku machozi yanatoka, na sikuona haya.

Nati mbili, kama nilivyosema. Wekesa aliyakinga mafuta ya breki yote kwenye chupa ya soda, kila mrija, kila gurudumu, hata tone halikumwagika. Tukachukua na mipira ya breki kwenye magurudumu yaliyosalimika. Nnalongo akaigonga boneti mara mbili kwa kiganja, kama anamuaga ng'ombe aliyeuzwa. "Kale," akaliambia gari, ndiyo haya basi kwa Kiganda. "Saidia watu."

Makindye tulipuliza mirija mpaka povu likaisha. Tukafunga masta silinda ya marehemu mahali pa ile iliyooza. Kisha kutoa upepo uliobaki ndani ya mirija. Wekesa chini ya gari, mimi na ile chupa ya soda, na pedali ikabaki bila mtu. Zaituni akaingia kwenye kiti cha dereva, akakunja kanga. Hajawahi kukalia kiti kile. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Wekesa anapiga kelele chini, Zaituni anamjibu kwamba yeye si kiziwi. Tukarudia na kurudia. Mafuta kwenye chupa yakawa vidole viwili, kidole kimoja.

Kisha Zaituni akasema, "Imekataa kushuka."

Sijasikia maneno matamu kama hayo mwaka huu. Nikajaribu mwenyewe. Pedali iko juu, ngumu kama jiwe. Nikashuka na gari mpaka chini ya kilima na kupanda, mara nne. Kila nilipokanyaga lilisimama. Nikarudi nikamkuta Wekesa anaimba sauti zote nne.

Nilimwomba radhi kwa kumdanganya siku ile. Akasema alijua tangu mwanzo. Sabuni ilikuwa mpya, ilinukia sufuria ya Zaituni.

Jumapili, 15 Juni

Meja ameshuka saa nane na robo na masanduku sita. Alikuwa na usingizi, na hasira ya usingizi. Alikaa nyuma, akalala kabla hatujatoka nje ya uwanja.

Niliendesha polepole. Katikati ya njia, baada ya kona, mbuzi wakaingia barabarani, kundi zima, na mchungaji wao nyuma yao hana habari. Nikakanyaga. Gari likasimama kwa adabu, sawasawa, halikuyumba. Mbuzi wa mwisho alipita akitutazama. Meja akaamka, akaona mbuzi, akaona tumesimama.

"Breki mzuri, Koplo."

"Ndiyo, Afande."

Basi. Akalala tena. Nilisema kimya kimya asante kwa karani wa pamba ambaye sikuwahi kumwona.

Tumefika salama. Meja amenipa kesho niwe huru mpaka jioni. Nimekula posho ya watu wawili, Zaituni ananitazama.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesimama kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Bila kofia. Mvua ilinyesha kidogo na kuacha matope. Mwalimu Kizito alikuwa watu watano mbele yangu. Aligeuka mara moja, akanihakikisha, akaendelea kusahihisha madaftari akiwa amesimama.

Saa tano lilikuja gari la jeshi. Dereva mmoja, simjui, alishuka akaenda moja kwa moja mbele. Foleni ilikuwa imejikunja, njia yake ikapita kwangu. Alinipiga kiwiko kifuani. Nilimtazama tu, kama nilivyotazamwa. Alibeba kilo tatu.

Sukari iliisha watu wawili kabla yangu. Mwalimu alikuwa amepata yake, ya kumpelekea Nnalongo. Alipokuwa anapita, alisimama akaweka miwani sawa, akanishukuru.

"Webale kusimama, ssebo. Siku ingine njoo mapema kidogo."

Hakunigawia hata punje. Nilicheka njia nzima ya kurudi.

Nyumbani nilikwenda gerejini, nikavitoa viatu vya Ramadhani chini ya rafu. Nimevipangusa vumbi, nikavipaka rangi, nikavifunga kwa gazeti, kama ilivyofungwa ile sukari. Mama yake yuko Bombo, nyumba ya tatu kutoka kwao Zaituni. Zaituni atampelekea Jumamosi, kimya kimya. Kitu cha mtu kisikae kwa watu wasio wake. Mama ataamua mwenyewe, aendelee kungoja au avunje matanga.

Tumekunywa chai bila sukari. Viatu vyangu niliviacha mlangoni, vimejaa matope ya foleni mpaka kwenye kamba. Zaituni amevikanyaga, amechafua kanga, amenigombeza kwa lugha zote mbili. Nimeketi hapa namsikiliza.